Wifi haifiki chumbani? Usiongeze kifurushi, hamisha ruta

Haya wadau, karibuni. Leo nipo kwa dada yangu Nkuhungu, hapahapa Dodoma, na huo mvumo mnaousikia kwenye maiki ni upepo, wenyeji mnaujua. Dada ameshapandisha kifurushi cha intaneti mara mbili mwaka huu. Sebuleni mtandao unakimbia. Chumba cha nyuma anakolala mpwa wangu, mwanafunzi wa UDOM, video ya somo inazunguka tu kama feni. Yaani kila mwezi dada analipia spidi ambayo haivuki koridoni.

Tuione ruta yenyewe. Sogeza kamera... hapo. Ipo nyuma ya tivi, imebanana na king'amuzi, na juu yake, ngoja nisicheke, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Maua ya njano, kazi ya mikono, kizuri kweli. Shika hapa: moto! Kitambaa hakizuii mawimbi, tusikisingizie. Kinazuia hewa, na ruta ikichemka inaanza kusuasua. Dada, hiki kitandike chini yake.

"We mtoto, na vumbi je?"

Vumbi utalifuta Jumamosi, dada.

Kabla hujagusa chochote, pima. Pakua programu yoyote ya kupima nguvu ya wifi kwenye simu ya Android, itakupa namba yenye alama ya kutoa mbele. Hapa sebuleni nasoma -41. Chumbani kwa mpwa, mlango ukiwa umefungwa, -79. Namba ikizidi kuwa mbali na sifuri ndiyo hali mbaya, na kila ikishuka kwa 3 nguvu imekatika nusu. Kwa hiyo kutoka hapa hadi kule imekatika nusu, na nusu yake, na nusu yake tena, zaidi ya mara kumi na mbili. Ukitaka video itulie, lenga -67 au bora zaidi ya hapo. Ziandike namba zako, usizitunze kichwani.

Sasa nifuate, tutembee njia wanayopita hao mawimbi maskini. Wanaanza na tivi, ambayo mgongoni ina bamba la chuma. Halafu ukuta wa bloku. Halafu koridoni, mapipa matatu ya maji yamejaa hadi shingoni. Hapa kwetu maji ni ya mgao, sitamwambia mtu ayamwage, lakini maji yananyonya mawimbi vibaya mno. Halafu ukuta mwingine, na nyuma yake kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kioo cha kujitazamia kimepakwa metali kwa nyuma, kinayarudisha mawimbi yalikotoka. Ungekuwa wewe, ungefika?

Dawa yake ni kuitoa ruta kule pembeni, uilete katikati ya nyumba, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Kwa nyumba hii nachagua ukuta huu ulio mdomoni mwa koridoni. Ikikaa hapa juu inaona juu ya mapipa.

Nitatumia kibao hiki cha mninga. Ndiyo, nakiuza, sijifichi. Anatengeneza shemeji yangu, kina matundu ya hewa kwa chini na sehemu ya kupitishia waya. Toboa mashimo mawili, ingiza vile vishikizi vya plastiki vya skrubu, kaza skrubu, kazi imeisha.

Haijaisha. Mashine haiingii. Mnasikia inavyolia? Nimegonga lenta, kuna zege na nondo humu. Nashuka sentimita kumi. Hapo sawa, inaingia. Lile tundu la juu dada hajaliona, msimwambie.

Sasa zima kila kitu, nisikilizeni. Waya wa faiba. Huu mwembamba mweupe wenye kichwa cha kijani. Ndani yake si shaba, ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele. USIUKUNJE. Ukiuzungusha, duara lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usiupigilie msumari, usiubane na mlango, usiukaze na zile kamba za plastiki kama unafunga mzigo wa bodaboda. Mimi niliwahi kuukunja kwenye kona ya dirisha la mteja ili upendeze. Ulipendeza. Taa nyekundu ikawaka, na yule mama akakaa siku tatu bila mtandao akisubiri watu waje kuunga. Sijasahau alivyoniangalia.

Ukishika kichwa cha kijani, shika kichwa, si waya. Vuta taratibu, kinyooke. Ncha yake usiiguse kwa kidole, na usiichungulie hata kidogo: mwanga unaopita humo jicho halioni, lakini unaweza kuliumiza. Kwa vumbi letu hili, kiache wazi sekunde chache tu. Na narudia, usiukunje.

Huyu dada ana bahati, mafundi waliacha waya wa ziada umeviringishwa nyuma ya kabati. Kama wako haufiki, usiukate na usiunge kwa selotepu. Kiache kile kisanduku kinachoingia faiba kilipo, nunua waya wa kawaida wa LAN, uvute hadi ruta ya pili katikati ya nyumba. Huo unafika hata mita 100.

Nachomeka... nawasha... tusubiri. Dakika mbili hivi.

Eh. LOS nyekundu, ile taa inayosema mwanga wa faiba haufiki. Jamani. Inapepesa nyekundu kweli, na kamera inarekodi. Ngoja, msiondoke. Sijaukunja, mmeniona wote, sijaukunja. Nachomoa tena, nageuza kile kijino kikae kwenye mfereji wake, nasukuma... *tik*. Mmesikia? Hiyo *tik* ndiyo mwanzo haikulia. Subiri. Subiri... imezimika. Kijani. Jasho limenitoka. Kama hujasikia *tik*, hujachomeka.

Antena. Watu wanazielekezea ncha chumbani kama wanalenga bunduki. Antena hairushi mawimbi kwa ncha, inayarusha ubavuni, kuizunguka. Nyumba ya chini kama hii, zisimamishe wima zote. Ya ghorofa, moja ilaze.

Kwenye simu utaona majina mawili, moja lina 5G mwishoni. Hiyo si 5G ya laini, ni gigahezi 5. Ina kasi lakini ukuta unaishinda mapema. Ile ya 2.4 ni ya polepole ila inapenya. Mikrowevu nayo hutumia mawimbi ya hapohapo kwenye 2.4, hivyo ukipasha wali na mtandao ukasita, usishangae.

Tupime. Sebuleni -48, imeshuka kidogo, dada hatajua. Mpwa wangu, funga mlango... -61! Kutoka -79! Kwenye gigahezi 5 humo chumbani nasoma -72, kwa hiyo wewe baki kwenye 2.4.

"Mjomba, imeacha kuzunguka."

Soma basi, si mpira.

Jikoni ni -75, nawaambia ukweli. Kati yake na ruta kuna friji na kuta mbili. Sijamshauri dada anunue kirudishia mawimbi cha kuchomeka ukutani. Ukikichomeka mahali ambapo mtandao tayari ni mbovu, kinausambaza huohuo ubovu. Anapika tu, ataongea na WhatsApp.

Wenye ruta za laini, zile za kuweka kadi ya simu, kwenu ni tofauti. Yenu kwanza iusikie mnara, ndipo igawe. Ijaribuni kwenye kila dirisha, pimeni spidi mara mbili tatu kila mahali, kisha iacheni iliposhinda.

Vibao vya mninga ni elfu kumi na mbili, skrubu ndani. Wa Iringa na Singida natuma kwa basi. Anayetaka chenye nafasi ya betri ndogo ya kushikilia ruta umeme ukikatika aniambie mapema, shemeji hapendi kuharakishwa.