Sukari Haiondoi Asidi: Mvinyo wa Zabibu Mwitu

Karibuni, tukae. Historia ya mvinyo siigusi, na habari za kuosha ndoo mnazijua. Nimekuja na wimbo wangu ule ule, na nitauimba mpaka chupa za kukunja uso ziache kuzunguka kwenye sherehe zetu.

Tunazungumzia zabibu mwitu za huku Minnesota, hizi zinazoparamia miti ya kando ya mito, Vitis riparia kwa jina la wataalamu. Aliyezoea zabibu za Dodoma asahau kwanza. Ile unaila kama tunda. Hii punje yake ni kama njegere, ganda zito, kokwa tele, na asidi ya kusugulia sufuria. Mvinyo mwekundu unaonyweka una asidi ya gramu 6 au 7 kwa lita. Juisi ya hizi, hata zikiiva, hufika gramu 15 mpaka 20, na nyingine hupita hapo.

Sasa mtu anaonja, anashtuka, anafanya nini? Anamimina sukari. Akionja tena, bado kali. Anaongeza. Jamani! Ukitia sukari kwenye chai ya ndimu, ndimu haijaenda popote. Ulimi ndio umedanganywa. Na kwenye mvinyo hata huo udanganyifu haudumu, kwa sababu hamira inaila sukari yote na kuigeuza kilevi. Kila gramu 17 za sukari kwa lita ni karibu asilimia 1 ya kilevi. Hamira imeshiba, wewe umebaki na ndimu, tena ndimu yenye asilimia 15 inayochoma koo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi nitatia sukari mwishoni, uchachukaji ukishasimama." Haya, tia. Usipoweka pia potasiamu sobeti ya kuzuia hamira isiamke, itaamka ndani ya chupa, na chupa zitalipuka kabatini saa nane za usiku. Na asidi? Ipo pale pale.

Dawa ya kwanza ni subira. Usichume Agosti kwa sababu tu zimekuwa nyeusi. Ngoja mwisho wa Septemba, baridi ianze kuuma. Asidi inashuka, sukari inapanda. Ndege watakula sehemu yao, waache.

Dawa ya pili ni maji. Hapo ndipo ninapoulizwa, "Si ndiyo kuchakachua huko?" Ungekuwa na zabibu za shambani ningekubaliana nawe, maji yangekuachia kitu chepesi kisicho na ladha. Lakini juisi hii ina rangi na ukakasi wa kugawa.

Tuchukue hesabu. Kilo 20 za zabibu zitakupa takriban lita 10 za juisi. Umepima asidi, ni gramu 18. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, inasoma 1.075. Ongeza maji lita 10. Asidi imekuwa 9, lakini sukari nayo imekatika nusu, haidromita inasoma kama 1.037. Unataka 1.085, ambayo itakupa kilevi cha karibu asilimia 12. Hapo sasa ndipo sukari ina kazi: kama kilo 2 na nusu, iyeyushe kwenye hayo maji. Umeona? Sukari inafidia maji. Haipigani na asidi.

Na kupima ni kupima, si kuonja. Kifaa cha kupimia asidi kwa matone kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mvinyo. Juisi hii ni nyeusi, hutaona rangi ikigeuka. Ile juisi kidogo uliyokwisha kuipima kwa ajili ya kipimo, iongezee kwanza maji yaliyokenekwa (distilled), hayabadilishi jibu.

Bado tuko kwenye 9. Hamira ya mkate iache jikoni. Tafuta ya mvinyo iitwayo 71B, maana hiyo hula sehemu ya asidi ya maliki, ile ya tofaa bichi, na zabibu hizi zimejaa maliki. Kisha majira ya baridi yakusaidie: mvinyo ukishatulia, uweke gereji kwenye nyuzi 2 au 3 za Selsiasi chini ya sifuri kwa wiki mbili, utaona fuwele kama chumvi chini ya chupa kubwa. Hiyo ni asidi ya tatariki, asidi nyingine ya zabibu, imetoka. Nyuzi zikishuka chini ya 5 hasi, uingize ndani, utaganda. Unga wa chokaa ya mvinyo wa kupunguza asidi upo pia, lakini ukiondoa zaidi ya gramu 3 kwa lita utaonja chaki.

Muda unanitupa mkono, nikimbie. Vaeni glavu, mikono mitupu itawasha kama umeshika upupu. Blenda marufuku: ikisaga kokwa, uchungu hautoki tena. Ponda kwa mkono, acha na maganda siku 4 au 5, zamisha maganda yanayoelea mara tatu kwa siku, kamua kwa kitambaa, kisha jaza chombo mpaka shingoni, hewa isipate nafasi ya kukupikia siki. Habari za masimbi, yale machicha yanayozama chini, na kuhamisha mvinyo tutazirudia siku nyingine.

Ila hili silikimbizi. Kuna mmea unaofanana na mzabibu mwitu, Menispermum canadense, na tunda lake ni sumu ya kuua. Jani lake halina meno pembeni, na mmea hauna vile vikono vya kujizungushia kwenye matawi. Usiamini jani peke yake. Pasua punje. Ya zabibu ina kokwa mbili mpaka nne, kama tone la maji. Ya ile nyingine ina moja tu, bapa, iliyojikunja kama mwezi mwandamo. Kila mti mnaouhamia, pasueni punje upya. Mimea hiyo miwili huota imesongamana, hata kwenye uzio mmoja.