Mataji Matatu ya 1998: Eva Dyrberg na Ngazi za Chini za Tenisi

(Mhadhara kwa makocha na wazazi wa wachezaji chipukizi)

Makocha, wazazi, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma na mikoba ya raketi, karibuni. Nilipoombwa nizungumzie maisha ya mchezaji wa tenisi ya kulipwa, nadhani walionialika walitegemea nimlete Serena Williams. Nimemleta msichana wa Denmark ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia. Anaitwa Eva Dyrberg.

Dyrberg alizaliwa mwaka 1980. Mwaka 1998, akiwa katika msimu wake wa mwisho wa ujana, alifanya jambo ambalo mzazi yeyote hapa angelichapisha kwenye fulana. Januari, Melbourne, alitwaa taji la wasichana la wawili wawili katika Australian Open, akishirikiana na Jelena Kostanić wa Kroatia. Julai, Wimbledon, wawili haohao wakatwaa tena. Septemba, New York, alibadili mwenzake, akacheza na binti wa Ubelgiji mwenye miaka 15, Kim Clijsters, na taji la US Open likaja pia. Mashindano makubwa manne, mataji matatu, mwaka mmoja.

Lililomponyoka ni la Paris tu, la French Open. Huko walishinda Clijsters na Jelena Dokić wa Australia. Sasa tazameni jinsi dunia ya wasichana hawa ilivyokuwa ndogo: kwenye fainali ya New York, Clijsters yuko upande wa Dyrberg, na ng'ambo ya neti yuko Dokić, akicheza na Evie Dominikovic. Ungekuwa umekaa pale, ungeambiwa uchague ni nani kati ya wanne hawa atakayetajirika kwa tenisi, ungeanzia kwa walioshinda.

Miezi tisa baadaye Dokić aliingia Wimbledon kupitia mchujo, akamtoa Martina Hingis, namba moja wa dunia, raundi ya kwanza kabisa, 6-2, 6-0. Clijsters alishika namba moja mwaka 2003, na baadaye akabeba US Open mara tatu, mara mbili kati ya hizo akiwa mama. Kostanić alifika hamsini bora. Dyrberg aliichezea Denmark katika Fed Cup, mashindano ya timu za taifa za wanawake, akazunguka kwenye mashindano madogo, na katika mchezo wa mmoja mmoja hakuwahi kuingia mia ya kwanza.

Watu hupenda kutafuta kosa. Alikuwa mvivu? Kocha mbaya? Mimi swali hilo naliona halina faida, kwa sababu linadhani kwamba njia ilikuwa wazi na mtu ndiye aliyekwama. Tuitazame njia yenyewe.

Kwanza, taji la wawili wawili. Mchezo huo unataka mkono mwepesi karibu na neti, marejesho ya chini, na akili ya kusoma mahali mwenzako atakaposimama. Ni ufundi wa kweli. Lakini sokoni ufundi huo una bei ndogo. Huku chini fungu la zawadi la wawili wawili ni dogo kuliko la mmoja mmoja, na bado mnagawana. Mchezaji aliyejaliwa ufundi huu hulazimika kuishi kwa ule mwingine.

Pili, pesa. Kwa miaka mingi ngazi ya chini kabisa ya wanawake iliitwa mashindano ya dola 10,000. Mtu akisikia hivyo hudhani bingwa anaondoka na elfu kumi. Thubutu! Hilo ni fungu la watu wote. Katika mgao wa miaka ya mwisho wa ngazi hiyo, bingwa wa mmoja mmoja alipata dola 1,568. Aliyefungwa raundi ya kwanza alipata dola 98, kabla ya kodi. Aliyefungwa kwenye mchujo aliambulia jasho lake. Toa hapo nauli, hoteli, chakula na nyuzi za raketi, ambazo mchezaji anayepiga kwa nguvu huzikata kama mtu anayekata kamba za katani. Tangu 2017 ngazi hiyo imepanda hadi dola 15,000. Hoteli nazo zimepanda, kama mjuavyo.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilifanya hesabu kwa mwaka 2013. Wanawake karibu 4,900 walishiriki mashindano ya kulipwa mwaka ule, na zaidi ya 2,200 kati yao hawakupata hata senti. Gharama za mwaka za mwanamke mmoja zilikadiriwa kuwa dola 40,000 hivi, bila kocha. Mahali ambapo mapato yanalingana na gharama palikuwa nafasi ya 253 duniani. Hebu lipimeni hilo. Msichana akiwa wa 300 kati ya wanawake wote wa dunia wanaocheza kwa malipo, yuko hasarani. Katika riadha, mwanamke wa 300 duniani hatumwiti mzembe. Kwenye tenisi tunauliza, "Huyo naye ni nani?"

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Ngoja, bado.

Denmark ni nchi ndogo yenye majira marefu ya baridi, kwa hiyo nusu ya mwaka huchezwa ndani ya jengo. Historia yake ya tenisi ni ya vilele viwili vitatu na mabonde marefu. Hilde Sperling, Mjerumani wa kuzaliwa aliyeolewa Denmark, alishinda Paris mara tatu mfululizo, 1935 hadi 1937. Kurt Nielsen alifika fainali ya Wimbledon 1953 na 1955, mara zote mbili bila kupangwa miongoni mwa vigogo. Kisha kimya kirefu upande wa mataji makubwa ya mmoja mmoja, mpaka alipotokea Caroline Wozniacki, binti wa Odense mwenye wazazi kutoka Poland, akawa namba moja Oktoba 2010.

Kung'aa kwa Wozniacki kulileta mashindano ya WTA, ngazi ya juu ya tenisi ya wanawake, nyumbani, kwenye ukumbi wa Farum karibu na Copenhagen, kuanzia 2010 hadi 2012. Alifika fainali zote tatu, akashinda mbili, ya tatu akafungwa na Angelique Kerber. Baada ya hapo mashindano yakafa. Kwa Mdenmark wa nafasi ya mia tano, wiki kama hiyo ndiyo fursa ya kupewa nafasi ya mwaliko na kucheza mbele ya watu wake taa zikiwa zimewashwa. Jumatatu inayofuata anarudi kulekule.

Kulekule ni wapi? Ni Sharm El Sheikh ya Misri, Antalya ya Uturuki, Monastir ya Tunisia. Hoteli za ufukweni ambazo huandaa mashindano wiki baada ya wiki, mchezaji alale hapohapo na ale hapohapo. Watalii wako kwenye bwawa, yeye yuko seti ya pili, jua la utosi, mtazamaji mmoja ambaye ni mama wa mpinzani. Tukiwaonyesha vijana wetu picha za Wimbledon, tuwaonyeshe na hiyo.

Kinachowaokoa wengi wa Ulaya ni ligi ya vilabu ya Ujerumani. Majira ya joto klabu inamlipa mchezaji kwa kila pambano, afunge au afungwe, na Mdenmark anavuka mpaka kwa gari. Mechi za Jumapili za namna hiyo hazimpi pointi hata moja, lakini ndizo zinazolipia safari za vuli. Ukiisoma orodha ya ubora peke yake, huzioni.

Na kuna doa ambalo lazima nilitaje. Mwaka 2012 ITF iliuza haki ya kurusha matokeo ya moja kwa moja ya mashindano haya madogo kwa kampuni ya takwimu za michezo, na wacheza kamari wakaingia. Jopo huru la uchunguzi lilieleza mwaka 2018 jinsi upangaji wa matokeo ulivyoota mizizi huku chini. Mtu anayelipwa dola 98 akipewa elfu mbili ili aachie seti moja, mnategemea wote wakatae?

Sasa nyumbani. Julai 2022 Angella Okutoyi, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon, Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam, yaani yale mashindano makubwa manne. Ni taji lilelile la Dyrberg, miaka 24 baadaye. Nilishangilia, halafu nikaingiwa na wasiwasi. Mmoja wa waliofungwa fainali ile alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi kutoka Kongo. Agosti 2025 Mboko alishinda mashindano makubwa ya Montreal, akimfunga Naomi Osaka fainali. Dokić mwingine huyo.

Na Okutoyi ana mzigo ambao Dyrberg hakuwa nao. Mdenmark anaamka, anapanda treni, yuko Ujerumani au Uswidi. Mkenya anahitaji viza, na orodha ya washiriki wa mashindano hufungwa wiki chache tu kabla ya mechi, huku ubalozi ukiwa na kalenda yake.

Okutoyi alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Kwa maoni yangu, ulikuwa uamuzi mzuri kuliko kukimbilia Monastir. Kule viwanja, kocha, tiba na nyuzi vinalipiwa, mechi zipo kila wiki, na wasichana wengi wa Denmark wamepita njia hiyohiyo. Kanuni za michezo ya vyuo, hata hivyo, kwa miaka mingi zilikuwa kali kuhusu pesa za zawadi: kabla ya kujiunga, mchezaji aliruhusiwa kuchukua hadi dola 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya hapo kiasi kilichofidia gharama halisi tu. Kwa hiyo, wazazi, ulizeni kanuni za sasa, na mashindano yoyote ya kulipwa mnayompeleka mtoto, tunzeni risiti za nauli, za hoteli na za nyuzi, zote. Haya, leteni maswali.