Kabla Hujaipenda Rangi: Kununua MGB ya Zamani

HAMISI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Hamisi, na mwenzangu ni yuleyule, dada Rehema, anayeishi Reading huku Uingereza. Dada, leo nimekuja na picha kwenye simu.

REHEMA: Lete nione. Ee, MGB! Ya wazi, nyekundu, bampa za kromu. Ya mwaka gani?

HAMISI: 1969. Mwenyewe anasema imepigwa rangi mwezi uliopita.

REHEMA: Basi hapo ndipo naanza kuogopa, kaka. Gari lina zaidi ya miaka 50, rangi mbichi, na sioni picha hata moja ya kilichofanyika kabla ya rangi. Bei utaniambia baadaye.

HAMISI: Subiri, tuwaeleze kwanza wasioijua.

REHEMA: MG ni Morris Garages, gereji ya Oxford ambako Cecil Kimber alianza kuunda magari ya spoti miaka ya 1920. MGB ilitoka 1962, ikaendelea kuundwa Abingdon, mji mdogo jirani na Oxford, mpaka kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, nyingi zikaenda Marekani. Watu wakisikia gari la kale la Kiingereza wanawaza matajiri. Hili lilikuwa la mtu wa mshahara. Injini yake ya ujazo wa cc 1798 ni ya ukoo mmoja na zile zilizosukuma magari ya familia ya Morris na Austin. Mimi ndiyo maana nalipenda. Unafungua boneti, unaona kila kitu, mkono unafika.

HAMISI: Na mimi nilipanga nianze na injini. Niisikilize, nitazame moshi.

REHEMA: Itazame, lakini iwe ya mwisho. Vipuri vya injini ile vinapatikana mpaka leo, na fundi yeyote mwenye subira anaifungua na kuifunga. Wewe unanunua bodi. MGA, iliyotangulia, ilikuwa na chasisi yake peke yake na bodi imekaa juu. MGB haina chasisi. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Sasa lile la wazi halina hata paa la kusaidia, kwa hiyo nguvu yote iko kwenye zile boksi ndefu za bati zinazopita chini ya milango. Mafundi wa huku wanaziita sili. Zina tabaka kadhaa za bati, na kutu huanzia ndani, kwenye maji na matope yaliyonaswa. Nje pang'ae unavyotaka, ndani pameshakuwa unga.

HAMISI: Wewe yalikukuta?

REHEMA: Yalinikuta. Gari langu la kwanza lilikuwa na rangi nzuri kuliko hiyo. Nililipenda kabla sijainama. Miezi mitatu baadaye natoa gurudumu, napiga jeki, gari halinyanyuki. Jeki ndiyo inaingia ndani ya gari. Tulipokata tukakuta mtu amefunika bati jipya juu ya lililooza, akajaza pati ya kuzibia mashimo, akapaka rangi. Niliumia sana, maana ile pesa niliiweka miaka minne.

HAMISI: Pole sana, dada. Haikuwezekana kuchomelea tu sili mpya?

REHEMA: Inawezekana, ila kazi yenyewe ni kubwa. Sili inaingia mpaka nyuma ya mabawa, yaani bati zinazofunika magurudumu, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo lazima ukate sehemu ya chini ya mabawa uifuate. Na kabla ya kukata, unachomelea vyuma vya kushikilia tundu la mlango, la sivyo gari linapinda mikononi mwako na mlango haufungi tena milele. Anayekwambia atamaliza kwa siku moja, anafunika.

HAMISI: Sasa mimi nitajuaje, na rangi imeshafunika?

REHEMA: Tazama nafasi kati ya mlango na bawa la nyuma. Iwe sawa kutoka juu mpaka chini. Halafu muombe mwenyewe ruhusa upige jeki upande mmoja, huku unafungua na kufunga mlango. Mlango ukianza kugusa bawa, bodi inapinda. Chukua na sumaku uliyoifunga kwenye kitambaa, uipitishe chini ya mabawa na juu ya matao ya magurudumu. Pasiposhika, ni pati. Inua mazulia. Nyuma ya viti fungua kile kifuniko cha betri. La 1969 linakuwa na betri mbili za volti 6, na asidi yake hula vile visanduku.

HAMISI: Nikikuta limeoza kabisa?

REHEMA: Unaondoka. Bodi mpya zipo. Kampuni ya British Motor Heritage walianza kuzitoa tena 1988, kwa mashine zilezile za kiwandani. Lakini ukishanunua bodi, ukapaka rangi, ukahamisha kila kitu, umetumia kuliko kununua gari zima lililotunzwa.

HAMISI: Na zile za bampa nyeusi za mpira? Naona bei zake ziko chini.

REHEMA: Zilianza mwishoni mwa 1974 kwa sababu ya sheria za Marekani, na gari likainuliwa karibu sentimita 4, likawa halishiki kona vizuri kama mwanzo. Watu wanazidharau. Mimi nasema yenye bampa za mpira na sili nzima inaishinda ya kromu iliyooza. Springi unaweza kuzishusha.

HAMISI: Umeme wake? Nasikia malalamiko mengi.

REHEMA: Mara nyingi ni kiungo chenye kutu tu, ukikisugua taa inawaka. Angalia zaidi ovadraivu, ile gia ya nyongeza ya mwendo wa kasi, kwamba inaingia gia ya tatu na ya nne. Ikishika, mzunguko wa injini unashuka karibu moja ya tano, na barabara kuu mnasikilizana. Si zote zinayo. Na petroli utie ya E5, kwa sababu ya E10 imechanganywa na ethanoli zaidi, ile spiriti, na inatafuna mipira ya zamani.

HAMISI: Kodi ya barabara hakuna, si ndiyo?

REHEMA: Gari likipita miaka 40 unasamehewa, na ukaguzi wa kila mwaka si lazima. Langu mimi nalipeleka hata hivyo. Nataka mtu mwingine aingie chini alitazame.

HAMISI: Basi nimpigie huyu wa nyekundu?

REHEMA: Mpigie. Muulize kama ana picha za kabla ya rangi, na nani alichomelea. Mwombe pia asiliwashe kabla hatujafika, nataka kusikia injini ikiamka baridi. Akikubali twende Jumamosi. Sumaku ninayo. Wewe njoo na tochi na nguo za kulalia chini ya gari.