Uwazi Pembeni mwa Soketi

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla ya habari za plasta, nina ombi. Mkirudi nyumbani, mtazameni mtu anapochomoa plagi. Je, soketi inatulia ukutani, au inamfuata mkono? Ikimfuata, hapo kuziba uwazi wa pembeni kwa puti, ule ujazo laini wa kuzibia nyufa, hakutasaidia kitu.

Najua kwa sababu nilijaribu. Nyumbani kwangu niliziba uwazi pembeni mwa soketi moja, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikajisifu. Haikuchukua muda, vipande vikaanza kudondoka sakafuni. Nikalaumu puti. Kumbe kiboksi kilichomo ukutani, kile kinachoshika soketi, kilikuwa kimelegea, na kila plagi ilipoingia au kutoka kilitikisika. Hakuna plasta inayovumilia hilo.

Kwa hiyo ulizeni kwanza uwazi umetoka wapi. Pengine tundu lilichimbwa kubwa kuliko kiboksi, fundi akategemea kifuniko kimfichie aibu. (Kicheko.) Pengine saruji ilisinyaa ilipokauka ikaachana na ukingo. Hayo mawili yanazibika tu. Kikiwa kiboksi ndicho kinachocheza, kikazwe kwanza kwa skrubu au kwa chokaa cha saruji nyuma na pembeni, kikauke, ndipo mfikirie sura ya ukuta.

Wala si urembo tu. Humo hupita vumbi, unyevu na mende, na mtoto mwenye msumari haombi ruhusa. Cheche ikiwaka ndani ya kiboksi, uwazi huo huupa moto njia. Kanuni za umeme za Marekani zinataka uwazi kwenye ukingo wa kiboksi, ukuta ukiwa wa plasta au jipsamu, usizidi milimita 3.

Sasa umeme wenyewe, na hapa sina haraka. Swichi ndogo iliyo kwenye soketi haitoshi! Hiyo hukata njia ya kwenda kwenye matundu ya plagi. Nyaya zinazoingia kwa nyuma bado zina umeme. Zimeni kwenye meni swichi, na kila aliyemo nyumbani aambiwe asiiguse. Kisha pimeni kwa testa, lakini testa yenyewe ijaribiwe kabla hamjazima, kwenye soketi mnayojua ina umeme. Testa mbovu hunyamaza sawasawa na waya usio na umeme. Mkifungua mkakuta alama za kuungua, harufu ya plastiki iliyochomeka au shaba iliyo wazi, funikeni, umeme ubaki umezimwa, muiteni fundi umeme.

Kama kila kitu ni salama, kunjieni nyaya ndani, zijazieni karatasi ili plasta isiingie. Kwanguani kingo zote zilizolegea, fagieni vumbi, kisha lowesheni ukuta kidogo kwa brashi. Hatua hii watu huiruka. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta kabla haijashika, nayo hubaki unga unaobomoka kwa kucha. Ukuta wa jipsamu haulowanishwi hivyo. Huo hutaka puti yake na utepe wa wavu. Ufa mwembamba hutosheka na puti. Uwazi mpana ujazwe kwa tabaka, moja likauke kabla ya jingine, maana tabaka nene hupasuka likisinyaa.

Msirudishe umeme plasta ikiwa bado mbichi. Na kifuniko kikirudi, msikaze skrubu kwa hasira. Plastiki ndiyo itakayopasuka.

(Swali kutoka ukumbini: vipi kuziba kwa povu la kupuliza?)

Ndani ya kiboksi, hapana kabisa. Povu hilo huvimba, hujibana kwenye viungo vya nyaya, na mengi huwaka. Tena atakayekuja kuitengeneza soketi hiyo baadaye atalichimba kwa kisu, karibu na waya asiouona.