Anayezuia Haki Ndiye wa Kujieleza

Ndugu wasikilizaji, muda ni mfupi, kwa hiyo naingia kwenye hoja.

Mijadala mingi ya haki za binadamu hukwama kwenye swali ambalo karibu kila serikali imekwisha kulijibu: je, haki fulani ipo? Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48. Hakuna nchi iliyopinga, ingawa 8 hazikupiga kura upande wowote. Kwa kuwa tamko si mkataba, mwaka 1966 iliandikwa mikataba miwili yenye nguvu ya kisheria, ikaanza kutumika mwaka 1976. Leo ni nadra kusikia serikali ikitangaza kwamba watu wake hawana haki ya kusema au kukusanyika. Itakwambia wanayo, halafu itakusomea masharti. Ugomvi wenyewe uko huko kwenye masharti.

Tuanze na zisizo na masharti, maana hapa sina subira na ubishi. Haki ya kutoteswa na ya kutofanywa mtumwa hazina mizani. Uzito wa kosa analotuhumiwa mtu hauingii kwenye hesabu, wala hofu ya wananchi, wala amri ya mkubwa. Basi.

Haki nyingine, kama kujieleza, kukusanyika, kutembea na faragha, zinaweza kuwekewa mipaka, ila anayeweka mpaka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ulistahili. Watu husahau jambo hili kila siku. Mwananchi anabanwa aeleze kwa nini alitaka kuandamana, wakati anayepaswa kueleza ni aliyemzuia.

Majaribio ya kupima kama mpaka ulistahili ni matatu, na hufuatana. La kwanza ni sheria: iwepo, iwe imetangazwa, na iwe wazi kiasi kwamba mtu wa kawaida ajue kabla ya kutenda kipi kinakatazwa. Kosa la "kuudhi" bila maelezo zaidi huanguka hapa, kwa sababu linamwachia askari aamue mwenyewe nani kaudhika. La pili ni lengo. Kwa uhuru wa kujieleza orodha imefungwa: haki au heshima za wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma. Kiongozi kuona aibu hakumo. Hata hivyo msipoteze nguvu nyingi hapa, kwa sababu serikali haikosi lengo zuri la kuandika kwenye karatasi.

Kesi huamuliwa kwenye jaribio la tatu, ulazima na uwiano. Je, hatua hii kweli inaleta matokeo yanayodaiwa? Je, hakukuwa na hatua nyepesi zaidi? Imechukua eneo gani, kwa muda gani, na imeumiza wangapi wasiohusika? Polisi wakipiga marufuku maandamano ya amani kwa sababu kundi pinzani limetishia kufanya fujo, jaribio hili huwaangusha mapema: wajibu wao wa kwanza ni kuwalinda waandamanaji, na marufuku huja baada ya ulinzi kuonekana kuwa hauwezekani. Ndivyo ilivyo pia kwa kuzima intaneti nchi nzima kwa sababu ya uvumi katika wilaya moja. Uvumi haukomi, bali wanaoweza kuukanusha ndio wananyamazishwa.

Mfano ulio wazi ni wa Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la kila wiki huko Burkina Faso. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali, akatozwa faini na fidia, na gazeti likafungiwa miezi 6. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi tarehe 5 Desemba 2014. Ilikubali kwamba sheria ilikuwa wazi, na kwamba kulinda heshima ya mtu ni lengo halali. Serikali ilikuwa imeshinda hatua mbili. Ikaanguka kwenye ya tatu, kwa kuwa haikuonyesha kwa nini kifungo kilikuwa cha lazima. Mahakama haikusema kukashifu watu ni ruksa. Ilisema jela kwa kukashifu inapita kiasi.

Wapo wanaouliza: na hali ya hatari je? Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, mmoja wa ile miwili ya 1966, ibara ya 4, unaruhusu kusimamisha baadhi ya haki pale uhai wa taifa unapotishiwa. Lakini hali hiyo itangazwe rasmi, hatua zisizidi kile hali inachodai, na nchi nyingine wanachama zijulishwe kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Uhai, kutoteswa, uhuru wa dhamiri na kutoshtakiwa kwa kosa lisilokuwa kosa ulipotenda havisimamishwi hata vitani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 hauna kabisa kifungu cha kusimamisha haki. Wengine huona ni pengo, kwa hoja kwamba kanuni za dharura zilizoandikwa ni bora kuliko dharura isiyo na kanuni. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi siungi mkono: majaribio matatu yanatosha kuipa serikali nafasi hata wakati wa vita au maradhi ya mlipuko.

Sasa utekelezaji. Malalamiko mengi hufa kwa sababu ya karatasi, hata pale haki ilipovunjwa waziwazi. Mtu akikamatwa kwa tuhuma za jinai, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, inaona saa 48 kwa kawaida zinatosha kumfikisha mbele ya hakimu. Kwa mtoto inataja saa 24. Kwa hiyo, kwanza, andikeni saa, si tarehe tu: alikamatwa saa ngapi, wapi, kituo gani, nani aliandika kwenye kitabu cha mahabusu. Majeraha yapigwe picha siku hiyo hiyo, yenye uso na jeraha pamoja, kisha jeraha kwa karibu likiwa na rula pembeni. Daktari aandike alichokiona. Michubuko haisubiri wakili.

Pili, kabla ya kwenda kwenye mahakama au tume ya kimataifa, maliza njia za ndani ya nchi kwanza, au uthibitishe kwamba hazipatikani, hazifanyi kazi au hazitoshi. Kusema "mahakama zetu hazifai" bila kujaribu ni kujifungia mlango. Tunza nakala ya kila ombi na kila jibu, hata jibu la kukataliwa, maana hilo ndilo litakalokuokoa. Tatu, angalia muda wa kupeleka malalamiko baada ya njia za ndani kuisha. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipunguza muda kutoka miezi 6 hadi 4 mwaka 2022. Mkataba wa Afrika unasema muda wa kuridhisha. Tena ibara yake ya 56 inakataa malalamiko yenye lugha ya matusi, au yanayotegemea habari za magazeti peke yake. Kuna watu wamepoteza hoja nzuri kwa kumtukana rais kwenye aya ya kwanza.

Angalieni pia mlango wenyewe. Mtu binafsi hufika Mahakama ya Afrika moja kwa moja ikiwa tu nchi yake iliweka tamko la kuruhusu hivyo. Rwanda ililiondoa mwaka 2016, na Tanzania, mwenyeji wa mahakama yenyewe, mwaka 2019. Penye mlango uliofungwa, nenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Banjul, Gambia, isiyohitaji tamko hilo.

La mwisho ni fidia. Maumivu ya moyo mahakama huweza kuyakadiria yenyewe. Hasara ya mali haikadiriwi hivyo. Inataka risiti za hospitali, hati za mshahara uliokatwa, mkataba wa biashara iliyofungwa. Anzeni kuziweka kwenye faili siku ya kwanza, kwa sababu kesi hizi huchukua miaka na wino wa risiti hufutika. Pigeni nakala.