Anza na Pawa Saplai: Mhadhara kuhusu Kuunda Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Kidogo

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa mwaliko huu. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili mahali pengine, na nawaomba mnivumilie nikilirudia, kwa sababu bado naletewa orodha za vifaa zilizopangwa kwa mtindo uleule: kadi ya michoro imechaguliwa kwa makini, prosesa imejadiliwa hadi usiku wa manane, bei ya RAM imeulizwa duka kwa duka Kariakoo nzima, na mwisho kabisa, chini ya orodha, pameandikwa "pawa saplai, yoyote, wati 500". Mstari huo wa mwisho, wa kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vifaa vingine vya kompyuta, ndio ulionileta hapa. Sitawaeleza prosesa ni nini wala kadi ya michoro hufanya kazi gani, kwa kuwa hayo mnayajua, na wengi wenu mnayajua kuliko wauzaji.

Nimekuja na pawa saplai mbili, na nitaanza na hii nyepesi, ya aina inayotolewa pamoja na kasha la bei nafuu. Ubavuni imeandikwa 500 kwa tarakimu zinazosomeka kutoka mlangoni. Ukiigeuza utakuta lebo yenye maandishi madogo, na hiyo ndiyo ya kusoma. Kwenye njia ya volti 12 imeandikwa ampea 17. Kwenye volti 5, ampea 28. Kwenye volti 3.3, ampea 24. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja: 12 mara 17 ni 204, 5 mara 28 ni 140, na 3.3 mara 24 ni 79 na ushee. Jumla ni wati 423. Kwa kauli ya mtengenezaji mwenyewe, aliyoichapa kwa mkono wake kwenye bati lake, zile 500 hazipo.

Hata hivyo, tatizo kubwa haliko kwenye hizo wati 77 zilizokosekana, liko kwenye mgawanyo. Prosesa ya leo na kadi ya michoro ya leo hupata karibu nguvu zake zote kutoka njia ya volti 12, ilhali njia za volti 5 na 3.3 hulisha vitu vidogo kama diski, milango ya USB na baadhi ya saketi za madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gemu itategemea zile wati 204, na zile 219 zilizobaki zitakaa tu, huku mwenyewe akiwa amezilipia. Mgawanyo wa namna hii ni wa kompyuta za miaka ya tisini, wakati prosesa zilipokuwa zikilishwa kutoka volti 5 na 3.3. Mwaka 2000 ndipo kanuni za ATX12V za kampuni ya Intel zilipouhamishia mzigo wa prosesa kwenye volti 12 kupitia plagi ndogo ya pini nne. Robo karne imepita, na bado kuna viwanda vinavyouza muundo wa zamani ndani ya bati jipya lililopakwa rangi nyeusi.

Sasa tazameni hii ya pili. Imeandikwa 550, na kwenye volti 12 lebo inasema ampea 45, yaani wati 540. Karibu kila kitu kimewekwa pale kinapohitajika. Anayejua kusoma mstari huo mmoja wa lebo ameshajikinga na sehemu kubwa ya hasara ambayo watu huipata katika kazi hii.

Chukueni kompyuta ambayo kijana mwenye fedha za wastani anaweza kuilenga: prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya Radeon RX 6600. AMD wenyewe, watengenezaji wa vyote viwili, wameitaja kadi hiyo kuwa ya wati 132, na prosesa kuwa ya wati 65, ingawa ikibanwa hufika 76. Ongezeni madabodi, RAM, diski na feni, vyote kwa pamoja mvipe wati 50, na mtafika karibu wati 260. Pawa saplai ya kwanza imeshazidiwa kabla gemu halijafunguka vizuri, wakati ya pili inafanya kazi kwa takriban nusu ya uwezo wake, bila joto jingi na bila feni kupiga kelele. Tena kadi za kisasa hazivuti umeme kwa utulivu: kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kadi inaweza kuvuta zaidi sana ya wastani wake, na hapo ndipo kompyuta inapozima ghafla katikati ya mchezo, kisha ikapelekwa kwa fundi, na fundi akabadilisha Windows. Windows haina kosa hapo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kijana huyo atalipia Windows mara mbili, atalipia RAM mpya, na kifaa chenye kasoro kitabaki palepale ndani ya kasha.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni kwamba kaka yake ametumia pawa saplai ya aina hii ya kwanza kwa miaka miwili na haijamsumbua. Namwamini kabisa. Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya michoro mara nyingi haifikishi hata wati 100, na kwa mzigo huo karibu kifaa chochote kitastahimili. Swali ni siku utakapoiwekea kadi. Tena kifaa kizuri hujulikana zaidi siku kinapokufa kuliko siku kinapofanya kazi. Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri ina saketi za kuilinda mashine dhidi ya volti iliyopanda mno, mkondo uliozidi, joto na shoti. Ikifika mwisho hujizima, ukanunua nyingine, maisha yakaendelea. Ile iliyopunguziwa saketi hizo ili bei ishuke inaweza kufa ikiwa imeondoka na madabodi, na wakati mwingine na kadi ya michoro, yaani kile kifaa ulichojinyima miezi kadhaa ili ukipate.

Na sisi tuna sababu ya ziada ya kujali. Umeme wa ukutani unatakiwa uwe volti 230, lakini sote tunajua taa zinavyofifia jioni katika baadhi ya mitaa, na tunajua umeme unavyorudi baada ya kukatika. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita moja kubwa, kubwa kama kidole gumba au zaidi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuhifadhi nguvu za kuibeba kompyuta kwa milisekunde chache umeme unapotetereka. Kapasita hiyo ni ghali, kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyopunguzwa kiwandani ili bei ishuke. Kifaa kinachofaa katika mji ambao umeme hautetereki kinaweza kuwa balaa kwetu, na ushauri wa mtandaoni ulioandikwa na mtu anayeishi Marekani haulizingatii jambo hili.

Nikiwa nimeitaja Marekani: pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye 115 na 230. Ukiletewa mashine na ndugu anayeishi huko, itazame swichi hiyo kabla ya kuichomeka, kwa sababu ikiwa kwenye 115 na soketi yetu ni ya 230, kitakachofuata ni mlio na moshi. Vifaa vingi vya kisasa hujirekebisha vyenyewe, na lebo yake husema 100 hadi 240.

Wengine wataniuliza kuhusu stabilaiza, inayotuliza volti za ukutani, na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika. Zote mbili zina kazi yake, na kama fedha zinaruhusu, nunua UPS upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Lakini isome vizuri, kwa maana VA si wati. UPS ya VA 650 hutoa wati pungufu sana ya hizo, na kiasi chenyewe kimeandikwa nyuma yake. Zaidi ya hapo, hakuna UPS inayoweza kuongeza ampea zisizokuwepo ndani ya pawa saplai.

Kuhusu alama ya 80 PLUS, ambayo wauzaji huionyesha kama cheti cha ndoa, fahamuni inapima nini. Inapima ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Kompyuta inayohitaji wati 300 huvuta 375 ukutani kama ufanisi ni asilimia 80, na huvuta 333 kama ni asilimia 90. Tofauti ni wati 42. Kwa saa nne kila siku, mwezi mzima, hiyo ni kama uniti 5 za LUKU. Kwa hiyo msinunue ya Gold, moja ya madaraja ya juu ya alama hii, kwa tamaa ya kuokoa umeme. Alama hii haisemi lolote kuhusu saketi za ulinzi, na kuna vifaa vinavyoibandika bila haki. Naona ni salama zaidi kuangalia urefu wa dhamana, kwa kuwa mtengenezaji anayetoa miaka mitano ana sababu ya kutumia kapasita nzuri, na kusoma majaribio ya watu waliokifungua kifaa na kukipima. Wala msikimbilie upande wa pili na kununua wati 1000 kwa hofu. Kwa kompyuta niliyoitaja, 500 au 550 za kweli zinatosha. Na kati ya vifaa vyote vya kununua vilivyotumika, hiki kiwe cha mwisho, kwa maana kapasita huzeeka, na umri wake huwezi kuuona kwa macho.

Naona muda umekwenda kuliko nilivyopanga, basi niseme upesi juu ya kadi ya michoro. Kwa fedha kidogo, kadi iliyotumika ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, na mimi siipingi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji, yaani kutumia kadi za michoro kukokotoa hesabu ili kupata sarafu, Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba mchana na usiku ziliingia sokoni, na baadhi yake bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake na joto lake vinahitaji kujaribiwa, kwa hiyo omba ichezeshwe gemu nusu saa dukani mbele yako. Muuzaji akikataa, ondoka. Fungua programu ya GPU-Z, inayoonyesha taarifa za kadi, kwa sababu kuna kadi za zamani zilizobadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu hiyo ina uwezo wa kuzitambua nyingi kati yake. Kuna pia RX 580 iitwayo 2048SP, ambayo ina viini 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 kamili. Si ya kukataa, mradi usiilipie bei ya ile nyingine. Kumbukumbu ya kadi isipungue gigabaiti 8 kama unataka gemu mpya. Na plagi ya pini 8 ya kadi imekusudiwa kubeba hadi wati 150, kwa hiyo msiilishe kwa adapta inayotoka kwenye plagi za diski. Pawa saplai isiyokuja na plagi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kadi hiyo.

Wapo wanaotaka kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kama OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP, na kuiwekea kadi. Ni njia nzuri kwa anayeanza, lakini nyingi zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kipekee ambazo hazilingani na madabodi za kawaida, na kinyume chake, kwa hiyo baki kwenye kadi zisizohitaji plagi ya umeme, kama matoleo ya GTX 1650 yanayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye sloti ya madabodi kadi inapochomekwa. Kama kasha ni jembamba, pima kimo cha kadi kwanza.

Prosesa: herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel, kama Core i3-12100F, ina maana kwamba haina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya michoro, basi usiinunue leo ukipanga kadi ije mwakani. Ryzen 5 5600 ni hivyohivyo, wakati 5600G inaweza. RAM: nunua vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16, kwa sababu vipande viwili hufanya kazi sambamba na tofauti yake huonekana kwenye gemu, kisha ingia kwenye BIOS, programu ya mipangilio ya madabodi, uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kwenda kwa kasi iliyoandikwa juu yake, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kubaki ikienda kwa kasi ya chini kuliko uliyoilipia. Diski iwe SSD, ile isiyo na sehemu zinazozunguka, hata kama ni ya SATA, aina ya kasi ndogo. Kasha liwe na matundu mbele, na taa za rangi zisubiri. Kuhusu kioo, yaani skrini, nilikuwa na mengi, lakini itoshe kusema kwamba waya wake uchomekwe kwenye kadi ya michoro, chini, wala si kwenye tundu la madabodi lililo juu yake, maana wapo wanaocheza kwa miezi wakilalamikia kadi ambayo haijawahi kutumika.

Nipo tayari kwa maswali.