Kumbikumbi Hawa Wametoka Kichuguu Gani?

Hamjambo ndugu zangu wa Kisumu. Asanteni kwa kuja na mvua hii. Naona akina mama wafugaji wa nyenje mmeketi mbele. Karibuni sana, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi.

Bakulini humu nimetia kikombe kimoja cha kumbikumbi, ngwen kwa Wajaluo, tsiswa kwa Waluhya. Nimewanunua sokoni asubuhi, wamepepetwa mabawa yote, na kwa macho ni safi kabisa. Nimewaosha mbele yenu. Mama, hebu chungulia chini ya maji. Umeona nini? Naam, udongo mwekundu.

Kumbikumbi ni chakula cha maana. Akikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kama theluthi ni protini. Madini ya chuma yaliyopimwa kwa kumbikumbi wa huku Magharibi yamefika miligramu 50, hata zaidi ya 100, katika kila gramu 100, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama 18 kwa siku. Lakini mashine ya maabara haitenganishi chuma cha mdudu na chuma cha udongo uliomganda. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu, na hicho mwili haukifyonzi vizuri. Kwa hiyo wajawazito, waleni, ila vidonge vya kliniki msiviache.

Sasa yale yanayoninyima usingizi: risasi (si ya bunduki, ni ile metali yenyewe) na kadimiamu, metali mbili zenye sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kaunti ya Monterey, California, watoto na wajawazito wenye asili ya Oaxaca, Meksiko, walikutwa na risasi nyingi katika damu. Kati ya vyakula vilivyopimwa, panzi wakavu waliotumwa kutoka nyumbani walikuwa na risasi ya kutisha. Panzi wale wale wa mababu zao! Wala msiseme tutakaanga. Moto huua vijidudu. Risasi hubaki ilivyo. Kadimiamu ikishaingia figoni huchukua kama miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu.

Zamani kichuguu kilikuwa na mwenyewe, na kila mtu alijua kumbikumbi wa leo ni wa boma la nani. Siku hizi tunawaokota chini ya taa za barabarani, kando ya gereji na majalala, ambako sumu hizo huweza kuwa udongoni. Kule Migori na Kakamega wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, metali nyingine yenye sumu. Mimi singeokota mdudu karibu na mashimo yale.

Akina mama wa nyenje, nyinyi mna nafasi ambayo muokotaji hana: chakula cha mdudu kiko mikononi mwenu. Alacho ndicho mtakachokula. Msimpe mabaki ya jalalani, na maji yake yasikae kwenye kasha la betri kuukuu. Na mtu anayewashwa akila kamba wa baharini asionje wadudu kabisa, maana mwili huweza kuwakataa vilevile.

Mama ameuliza kama aache kununua. Hapana, nunua, ila muulize muuzaji. Hawa wa bakulini niliwaulizia. Muuzaji akaniambia wametoka Siaya. Nilipouliza ni boma gani, hakujua, kwani naye alinunua kwa mwingine stendi. Ndiyo maana hamuoni jiko hapa mezani.